Sala za Kiyahudi na jinsia katika lugha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Kiswahili wanaokutana na sala za Kiyahudi: wanafunzi wa dini, watafsiri, walio katika safari ya kuingia Uyahudi, na wenye ndugu au wakwe huko. Maneno ya Kiebrania yameandikwa kwa kufuata matamshi. Anzia swali lolote. Jibu likitegemea jingine, utaelekezwa.

## Mambo ya msingi

Kwa nini jambo hili linasumbua kwenye Kiebrania, wakati sisi tunasali bila kuliona?

Ukisema "anakuja" kwa Kiswahili, msikilizaji hajui kama ni Asha au Juma. Kiebrania hakikuachii nafasi hiyo. *Ba* ni mwanamume anakuja, *ba'a* ni mwanamke anakuja. Kitenzi, kivumishi, hata "wewe" hubeba jinsia: *ata* kwa mwanamume, *at* kwa mwanamke. Meza (*shulhan*) ni ya kiume na mlango (*delet*) ni wa kike, wala hakuna umbo la tatu la kukimbilia.

Kwa hiyo baraka ya Kiyahudi inapofungua kwa *Barukh ata*, "Umebarikiwa wewe", tayari imemwita Mungu kwa umbo la kiume. Mapokeo hayafundishi kwamba Mungu ni mwanamume. Maimonides, mwanafalsafa wa karne ya 12, alisisitiza kwamba Mungu hana mwili kabisa. Lakini anayesali hurudia *ata*, *melekh* (mfalme) na *avinu* (baba yetu) tangu anapoamka hadi anapolala, na mtoto anayekua akisikia maneno hayo huchora picha fulani moyoni. Hapo ndipo swali linapozaliwa.

Ni nini hasa kinachobadilishwa?

Mambo manne tofauti, na watu wengi huyachanganya. La kwanza na jepesi ni tafsiri: Kiebrania kinabaki kilivyo, lugha ya pili ndiyo inayorekebishwa. La pili ni majina ya wahenga, yaani kuwataja Sara, Rebeka, Raheli na Lea pamoja na Ibrahimu, Isaka na Yakobo. La tatu ni maneno yanayomhusu mwenye kusali mwenyewe, kama zile baraka za asubuhi. La nne, ambalo wachache hulifikia, ni kubadili namna Mungu anavyoitwa kwa Kiebrania chenyewe.

Mtu anaweza kukubali la kwanza na kukataa la nne bila kujipinga. Ukisikia wawili wanabishana, waulize kwanza wanabishania lipi kati ya hayo.

Nani anabadilisha na nani habadilishi?

Uyahudi wa leo una matawi kadhaa. Waorthodoksi, wanaoshika mapokeo zaidi, kwa ujumla hawagusi maneno ya Kiebrania ya sala za lazima. Vuguvugu la Mageuzi na lile la Rekonstrukshoni limebadilisha mengi, kwa Kiebrania na kwa tafsiri. Wahafidhina, ambao nje ya Marekani huitwa Masorti, wako katikati: mabadiliko hupitia kamati yao ya sheria, na mara nyingi yakikubaliwa huwa ni ruhusa, si amri. Ndiyo maana sinagogi mbili za Kihafidhina katika mji mmoja zinaweza kusali tofauti.

Je, haya si mambo ya juzi tu?

Hapana. Talmudi yenyewe, mkusanyo mkuu wa kale wa mijadala ya marabi, katika kitabu chake cha Berakhot, 31a, inajifunza kanuni za sala kutoka kwa Hana, mama yake Samweli: midomo icheze, sauti isisikike, moyo uelekezwe. Yaani Myahudi yeyote anayesimama kusali kwa kunong'ona, awe rabi mwenye ndevu nyeupe, anafuata mfano wa mwanamke aliyedhaniwa na kuhani kuwa amelewa. Jambo hili ningependa lifundishwe mapema zaidi kuliko linavyofundishwa.

Italia, karne ya 15, mwandishi wa hati Abraham Farissol alimwandikia mwanamke kitabu cha sala chenye baraka ya kumshukuru Mungu kwa kumuumba mwanamke na si mwanamume. Ulaya Mashariki, wanawake walikuwa na sala zao za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa huko, zilizoitwa *tkhines*, zilizowaomba mama wa taifa wawaombee. Mmoja wa waandishi wa sala hizo, wa karne ya 18, aliitwa Sara Rebeka Raheli Lea Horowitz: mama wote wanne katika jina la mtu mmoja.

Wimbi la sasa lilianza Marekani miaka ya 1970. Mwaka 1972 kundi la wanawake lililojiita Ezrat Nashim lilipeleka madai yake mbele ya marabi wa Kihafidhina, na mwaka huohuo Sally Priesand akawekwa wakfu kuwa rabi katika vuguvugu la Mageuzi. Mwaka 1976 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Brown, Naomi Janowitz na Maggie Wenig, walitoa kitabu cha sala za Sabato ambacho Kiingereza chake kilimwita Mungu kwa umbo la kike.

## Mama wanne katika Amida

Amida ni nini, na kwa nini ubishi mkubwa uko hapo?

Amida ni sala inayosaliwa kwa kusimama, mara tatu kila siku, nayo ndiyo moyo wa ibada. Siku za kawaida ina baraka 19. Sabato ina 7. Baraka ya kwanza huitwa *Avot*, "baba", kwa sababu inafungua kwa kumtaja "Mungu wetu na Mungu wa baba zetu, Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka na Mungu wa Yakobo". Maneno hayo yametoka Kutoka 3:15, pale kwenye kijiti kilichowaka moto.

Baraka hiyo ni kama kubisha hodi. Ukifika kwa mtu mkubwa asiyekujua, unasema wewe ni mtoto wa nani. Anayesali anasema: sina cha kujivunia, ila wazee wangu uliwajua. Sasa mwanamke anayebisha hodi kwa majina ya baba watatu ana haki ya kuuliza mama zake wako wapi, maana Mungu alisema nao pia. Rebeka mwenyewe alikwenda kumuuliza Bwana habari ya mapacha waliokuwa wakishindana tumboni mwake, naye akajibiwa (Mwanzo 25).

Majina ya mama huongezwaje?

Baada ya *avoteinu*, "baba zetu", huongezwa *ve'imoteinu*, "na mama zetu". Kisha baada ya Yakobo hufuata: *Elohei Sara, Elohei Rivka, Elohei Rahel, velohei Lea*. Mbele kidogo, pale Mungu anapoitwa mwenye kukumbuka fadhili za baba, huongezwa "na za mama".

Kamati ya sheria ya Wahafidhina iliruhusu nyongeza hii mwaka 1990, kwa hoja iliyoandikwa na rabi Joel Rembaum. Kitabu chao cha Sabato na sikukuu cha mwaka 1998 kilichapa matoleo mawili, moja lenye baba peke yao na jingine lenye baba na mama, sinagogi ichague. Kitabu cha vuguvugu la Mageuzi la Marekani cha mwaka 2007 kiliwaweka mama moja kwa moja ndani ya maandishi.

Kwa nini mwisho wa baraka hiyo una matoleo tofauti?

Mwisho wa asili ni *magen Avraham*, "ngao ya Ibrahimu", kutoka Mwanzo 15:1. Walipotaka kumweka Sara kando ya mumewe, watunzi walitafuta neno lenye mizizi katika Maandiko. Wahafidhina walichagua *foked Sara*, "aliyemkumbuka Sara", kwa kuwa kitenzi hicho ndicho kinachotumika katika Mwanzo 21:1, Mungu anapotimiza ahadi ya mtoto. Watu wa Mageuzi wa Marekani walichagua *ezrat Sara*, "msaada wa Sara".

Kila chaguo lina lawama yake. *Foked* linamkumbuka Sara kwa uzazi wake, na wapo wanawake wanaouliza kwa nini Ibrahimu awe na ngao na Sara awe na tumbo. *Ezrat* nalo lina mwangwi mbaya: *ezrat nashim* ndilo jina la sehemu ya wanawake katika sinagogi, nyuma ya pazia au juu ghorofani. Mimi naona *foked* ni bora, kwa sababu ni neno la Torati yenyewe kuhusu Sara, na kwa sababu kukumbukwa na Mungu baada ya miaka mingi ya kungoja si jambo dogo. Ila siwezi kumlaumu anayechagua lile jingine.

Wanaopinga wana hoja gani? Ni ubaguzi tu?

Si haki kuwaweka wote katika kapu hilo. Talmudi, Berakhot 40b, ina kauli ya rabi Yose kwamba anayebadilisha muhuri ambao wenye hekima waliupiga katika baraka hajatimiza wajibu wake. Berakhot 33b inasimulia kiongozi wa sala aliyeanza kurundika sifa za Mungu nje ya zile zilizowekwa, na rabi Hanina akamuuliza kama sasa amezimaliza sifa zote za Bwana wake. Kwa anayeamini kwamba sala ni wajibu wenye umbo maalumu, kama vile swala ya Mwislamu ilivyo na umbo lake, kuongeza mstari si jambo la ladha. Hata ndani ya Masorti, rabi David Golinkin wa Israeli ameandika kupinga nyongeza hii huku akiwa mtetezi wa nafasi pana ya wanawake katika ibada.

Wanaounga mkono nao hujibu kwa vitabu hivyohivyo. Baraka hii ya kwanza tayari huongezewa maneno ya "utukumbuke kwa uhai" katika siku kumi za toba, na nyongeza hiyo haikuwepo zamani za Talmudi. Na katika karne ya 19 watu wa Mageuzi walishaigusa kwa sababu nyingine kabisa, wakabadilisha "mkombozi" kuwa "ukombozi". Tena Berakhot 16b inasema wazi kwamba wanaoitwa baba ni watatu tu na wanaoitwa mama ni wanne tu. Cheo cha mama hakikubuniwa Marekani.

Raheli kwanza au Lea kwanza? Na Bilha na Zilpa je?

Lea ndiye mkubwa na ndiye aliyeolewa kwanza. Lakini Ruthu 4:11 inasema "kama Raheli na kama Lea", kwa hiyo vitabu vingi humtanguliza Raheli. Vingine hufuata umri. Hakuna kosa katika lolote.

Bilha na Zilpa ni swali zito zaidi. Hao walikuwa wajakazi waliopewa Yakobo, na makabila manne kati ya kumi na mawili yametoka kwao: Dani, Naftali, Gadi na Asheri. Talmudi haikuwahesabu kati ya mama. Baadhi ya jumuiya leo huwataja, kwa kusema kwamba ukianza kuwarudisha waliosahauliwa, usiishie kwa wenye nyumba ukawaacha watumwa. Msomaji wa pwani yetu, anayejua kwamba masuria waliwazalia mabwana watoto waliobeba ukoo wa baba huku mama hatajwi, hahitaji kuelezwa sana.

## Baraka za asubuhi

Ni kweli kwamba mwanamume wa Kiyahudi humshukuru Mungu kwa kutomuumba mwanamke?

Ndiyo, katika mapokeo ya Kiorthodoksi. Ni moja ya baraka tatu zinazofuatana asubuhi: kwamba hakuumbwa asiye Myahudi, wala mtumwa, wala mwanamke. Asili yake iko katika Tosefta, mkusanyo mwingine wa kale wa mafundisho ya marabi, na katika Talmudi, Menahot 43b. Maelezo ya kale ni kwamba wanawake hawabebeshwi amri zote, na mwanamume anashukuru kwa wingi wa wajibu wake. Maelezo hayo ni ya kweli kihistoria. Lakini binti wa miaka saba akiisikia baraka hiyo haisikii pamoja na maelezo.

Kufikia karne ya 14 wanawake walikuwa wakisema *she'asani kirtzono*, "aliyeniumba kama apendavyo". Rabi Yaakov ben Asher, aliyeandika Hispania, alilifafanua kama mtu anayekubali hukumu ya jambo baya lililompata. Sentensi hiyo inauma, hata baada ya karne saba.

Imebadilishwaje?

Kitabu cha Wahafidhina wa Marekani cha mwaka 1946 kiligeuza baraka zote tatu kutoka kukanusha kwenda kukiri: umeniumba kwa mfano wako, umeniumba niwe huru, umenifanya Mwisraeli. Mume na mke wanasema maneno yaleyale. Ya kwanza, *betzalmo*, inategemea Mwanzo 1:27, ambapo mwanamume na mwanamke wote wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mageuzi walishaiondoa au kuibadilisha ile ya zamani tangu Ujerumani ya karne ya 19. Miongoni mwa Waorthodoksi wapo wanaoisoma kimya, na marabi wachache wametangaza kuiacha.

Na *modeh ani*?

Hapa hakuna ubishi. Ni sala fupi ya kuamka, "nashukuru mbele zako", na mwanamke husema *moda ani* kwa kuwa anajitaja mwenyewe. Wanawake wengi wa Kiorthodoksi husema hivyo.

## Majina ya Mungu

Je, neno "mfalme" linaweza kuondolewa kwenye baraka?

Linaweza kwa mkono, lakini ujue unagusa nini. Talmudi, palepale Berakhot 40b, inarekodi neno la rabi Yohanan kwamba baraka isiyotaja ufalme wa Mungu si baraka. Ndiyo sababu baraka inayosimama peke yake kwa kawaida ina *melekh ha'olam*, "mfalme wa ulimwengu". Wanaosema *ruah ha'olam*, "roho ya ulimwengu", wanapata neno ambalo kwa Kiebrania mara nyingi ni la kike, ila wanapoteza wazo la enzi. Mshairi Marcia Falk alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1996: alifungua baraka zake kwa *nevarekh et ein hahayim*, "na tubariki chemchemi ya uhai". *Ein* ni jicho na ni chemchemi pia, kama sisi tunavyosema jicho la maji. Ni maneno mazuri sana, ila mwenye kushika sheria hawezi kuyahesabu kuwa baraka ya wajibu.

Kuna upande mwingine wa ukurasa uleule wa Talmudi ambao watu husahau. Mchungaji aliyeitwa Benyamini alikunja mkate wake akasema kwa Kiaramu, kwa lugha yake ya kawaida, "abarikiwe Mwenye rehema, mwenye mkate huu". Rav, mmoja wa walimu wakubwa wa Talmudi, akasema ametimiza wajibu.

Naweza kumwita Mungu kwa umbo la kike kwa Kiebrania?

Wapo wanaofanya hivyo: *Berukha at Ya*, "umebarikiwa wewe, Ya", kwa umbo la kike. Ugumu ni kwamba sarufi haikubali nusu. Ukisema *at*, vitenzi vyote vinavyofuata lazima vigeuke. Baraka ya mkate, *hamotzi lehem*, inakuwa *hamotzi'a lehem*, na hivyo hadi mwisho wa kitabu. Wengine hupinga kwa hoja nyingine: ukibadilisha mwanamume kuwa mwanamke, bado umempa Mungu jinsia.

Upande wa picha, Maandiko yenyewe yamekwisha kufungua mlango. Isaya 42:14 inamfananisha Mungu na mwanamke anayejifungua, na 66:13 na mama anayemfariji mtoto. Kumbukumbu la Torati 32:18 inamtaja Mungu aliyemzaa Israeli. Na *rahamim*, rehema, linatokana na *rehem*, tumbo la uzazi. "Rehema" yetu, iliyotufikia kwa Kiarabu, ni ya mzizi uleule. Kwa hiyo *Av harahamim*, "Baba wa rehema", ni jina la baba lililobeba tumbo la mama ndani yake.

Shekhina ni mungu wa kike?

Sivyo. Shekhina ni neno la marabi la kutaja uwepo wa Mungu unaokaa pamoja na watu, kutoka kitenzi cha "kukaa". Lina undugu na *mishkan*, hema la kukutania, na pia na "maskani" na "sakina" za Kiswahili. Kwa sarufi ni la kike, na wanafumbo wa Kabala wakajenga juu ya hilo picha ya upande wa kike wa Mungu. Wanaolitumia leo katika sala wanachukua neno la zamani.

## Kwa Kiswahili

Kiswahili hakina "yeye wa kiume" na "yeye wa kike". Je, si kazi imekwisha?

Nusu yake imekwisha, na tushukuru. Wamarekani walihangaika miaka mingi kutafuta namna ya kuepuka kiwakilishi cha kiume kwa Mungu. Sisi "yeye" na "a-" vimetutosha. Nusu iliyobaki iko katika majina: Bwana, Baba, Mfalme. Hayo ni ya kiume kama yalivyo popote.

Majina ya watu pia yaangaliwe. *Benei Yisrael* Biblia zetu husema "wana wa Israeli", na "mwana" kwa Kiswahili cha asili ni mtoto yeyote, ingawa wengi siku hizi husikia wa kiume tu. "Waisraeli" huondoa shaka. *Avoteinu* ikitafsiriwa "baba zetu" inawaacha mama nje, na "mababu" ni vilevile kwa anayeisikia kwa umakini. "Wahenga wetu" hufaa pale ambapo majina hayatajwi. Yakitajwa, sema "baba zetu na mama zetu" bila haya. Na pale Kiebrania kinaposema *ahim*, ndugu wa kiume, tuna "ndugu", neno ambalo lugha nyingi zingelipenda kulipata.

"Bwana" na "Mfalme" vitafsiriwe vipi basi?

Jina la Mungu lenye herufi nne za Kiebrania halitamkwi. Wayahudi husoma *Adonai* mahali pake, na *Adonai* kweli ni "Bwana wangu". Lakini "Bwana" ni tafsiri ya mbadala, si ya jina lenyewe. Moses Mendelssohn, alipoitafsiri Torati kwa Kijerumani miaka ya 1780, alilitafsiri jina hilo "wa Milele", na Wayahudi wengi wamemfuata. Biblia Habari Njema imetumia "Mwenyezi-Mungu" pale Biblia ya Union inaposema BWANA.

Hapa naona Kiswahili kimebarikiwa kipekee. "Mwenyezi" ni "mwenye enzi" iliyofupishwa. Wazo la ufalme analolitaka rabi Yohanan limo, na hakuna mwanamume wala mwanamke ndani yake. "Umebarikiwa, ee Mwenyezi Mungu wetu, mwenye enzi juu ya ulimwengu wote, utoaye mkate katika nchi": baraka hiyo haijapunguza kitu wala haijamkwepa mtu. Wengine hunung'unika kwamba ni msamiati wa Waislamu. Ni msamiati wa Waswahili, na Mungu anayetajwa ni yule wa Ibrahimu.

Sala ikisaliwa kwa Kiswahili inahesabika?

Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, katika Sota 7:1, inaorodhesha Shema (aya za Torati zinazosomwa katika sala), sala (yaani Amida) na baraka za baada ya chakula kati ya yale yanayoweza kusemwa kwa lugha yoyote. Desturi inapendelea Kiebrania, hasa katika mkusanyiko. Lakini anayesali peke yake nyumbani kwa lugha anayoielewa ana ukurasa wa Mishna wa kusimamia.

Afrika Mashariki kuna jumuiya zinazokutana na swali hili?

Jumuiya inayojulikana zaidi ni Abayudaya wa mashariki mwa Uganda, karibu na Mbale, walioanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Utawala wa Idi Amin uliwapiga marufuku, wakabaki wachache, kisha wakainuka tena. Wengi wao wana uhusiano na Masorti, na kiongozi wao Gershom Sizomu aliwekwa wakfu kuwa rabi huko Los Angeles mwaka 2008. Wapo pia Waorthodoksi kati yao. Husali kwa Kiebrania na Kiganda, na Kiganda, kikiwa ndugu wa Kiswahili, nacho hakina "yeye" wa kiume na wa kike. Nairobi ina sinagogi ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, inayofuata desturi ya Kiorthodoksi. Huko usitarajie maneno kubadilishwa.

## Hali za pembeni

Mtu huitwaje kusomewa Torati katika ibada kama si mwanamume wala mwanamke?

Kwa kawaida huitwa *ya'amod* (na asimame, wa kiume) au *ta'amod* (wa kike), kisha jina lake, *ben* (mwana wa) au *bat* (binti wa), na jina la baba. Sinagogi za usawa huongeza la mama. Mwaka 2022 kamati ya sheria ya Wahafidhina iliidhinisha njia isiyotaja jinsia: *na la'amod*, "tafadhali kusimama", na *mibeit*, "wa nyumba ya", badala ya *ben* au *bat*. Vyote viwili ni Kiebrania sahihi, hakuna kilichobuniwa. Tofauti na hiyo, mradi ulioanza Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder mwaka 2018 umependekeza viambishi vipya kabisa kwa wasemaji wasiojitambulisha kwa jinsia mojawapo.

Anayedhani marabi wa kale hawakuwahi kuwaza watu wa namna hii asome Mishna, Bikkurim, sura ya 4. Inamjadili *androginos*, mtu mwenye maumbile ya kiume na ya kike, kwa urefu, na rabi Yose anamwita kiumbe cha peke yake.

Katika sala ya mgonjwa, kwa nini hutajwa mama badala ya baba?

Ni desturi ya zamani na haikuletwa na mabadiliko haya. Mgonjwa huombewa kama mtoto wa mama yake.

Baraka ya baada ya chakula inataja "agano ulilotia muhuri katika miili yetu". Mwanamke aseme?

Agano hilo ni tohara. Talmudi, Berakhot 49a, tayari inakiri kwamba halimhusu mwanamke. Hata hivyo wanawake wengi huyasema, wakiyasoma kama agano la taifa zima. Wengine husema "katika mioyo yetu". Na mwaliko unaofungua baraka hiyo, *rabotai*, "mabwana zangu", mezani penye wanawake mara nyingi hugeuka *haverai*, "wenzangu".

Naweza kubadilisha Shema?

Shema ni aya za Torati, na hakuna vuguvugu lililozoea kubadilisha Kiebrania cha aya. Ugumu uko kwenye *beneikhem*, "wana wenu", katika amri ya kuwafundisha. Talmudi, Kiddushin 29b, ililisoma neno hilo kuwa wana wa kiume na si mabinti, na kwa usomaji huo wasichana wengi walinyimwa shule. Tafsiri ndiyo mahali pa kazi hapa: andika "watoto wenu". Ukimfundisha binti yako, Kiebrania kitabaki kilevile na aya itakuwa imetimizwa.

*Avinu Malkeinu* ya siku za toba ifanyweje?

"Baba yetu, Mfalme wetu" inahusishwa na rabi Akiva (Taanit 25b), na watu huililia. Wengi wanaobadilisha kila kitu kingine huiacha hii. Vitabu kadhaa huacha maneno hayo mawili bila kuyatafsiri, msomaji ayasikie kama jina. Kwa Kiswahili ningefanya hivyohivyo.

Nimealikwa kuongoza sala katika sinagogi nisiyoizoea. Niwataje mama?

Muulize rabi au mlezi wa ibada kabla ya kuanza, si baada. Kiongozi wa sala ni mjumbe wa waliokusanyika, na mjumbe hubeba maneno ya waliomtuma. Kama wao hawawataji, soma kama wasomavyo kwa sauti. Katika Amida yako ya kimya ambayo hutangulia, midomo ni yako. Kama wao huwataja nawe hujazoea, andika majina manne kwenye karatasi na uyaweke ndani ya kitabu, kwa sababu ulimi uliozoea hukimbilia *magen Avraham* kabla hujamfikia Sara. Ukiwa mgeni kwenye benchi tu, itikia Amina kwa wenyeji wako, toleo lolote walitumialo.